Bendi Zinapoishia Segera

Juma lililopita msomaji mmoja wa Pangani aliniandikia akilalamika kwamba bendi anayoipenda imetangaza ziara ya Morogoro, Moshi na Arusha, lakini Tanga, ambako angefika kwa nauli ndogo, haimo. Aliniuliza mimi huvumilia vipi. Sivumilii, na ndiyo maana ninamjibu kwa kirefu.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi hupita Segera, na pale akikata kulia huwa amebakiza kilomita zipatazo 70 tu kuingia Tanga. Tungekuwa Kigoma ningeelewa. Lakini Tanga ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndipo vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoipa taarabu gitaa na besi, na ndipo ndugu Wilson na George Kinyonga walipopigia muziki kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi, walikoanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Mji wetu huitwa Waja Leo Waondoka Leo, nami nilizoea kutania kwamba bendi zimetufutia hata huko kuja.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya jambo ambalo mke wangu hunicheka hadi leo. Nilipanda basi hadi Segera, nikakaa kwenye hoteli moja ya kando ya barabara tangu alasiri, nikiisubiri bendi ambayo nilijua ingepita kwenda Arusha. Ilipofika, wanamuziki wakashuka kula, nikamwendea kiongozi wao, nikamwamkia, kisha nikamuuliza kwa nini wanatupita kila mwaka kama kituo kisicho na abiria. Akaniitikia vizuri, akapuliza chai yake, akasema: “Mwanangu, Tanga nani ametuita?” Sikuwa na jibu. Nililipia chai yake, nikarudi nyumbani na basi la usiku.

Basi nikaamua kuwaita mimi. Katika baraza za kahawa za Ngamiani watu 60 waliniahidi kuchangia. Waliotoa fedha ni 17. Nilimrudishia kila mmoja shilingi zake, na kwa miezi kadhaa sikupita kwenye baraza hizo, kwa kuwa waliokuwa wakinitania zaidi ndio hao hao walioahidi na wasitoe.

Mara ya pili nilibadili hesabu. Bendi inapokwenda Arusha haikubali kuchepuka, kwani Jumamosi yake imekwisha kulipiwa. Lakini inaporudi, Jumatatu au Jumanne, wanamuziki wanakula na kulala kwa gharama bila kuingiza chochote, na hapo hata dau dogo husikilizwa. Niliomba Jumanne. Tulikubaliana malipo kidogo ya awali na sehemu kubwa ya mapato ya mlangoni, nami nikauza tiketi mapema bila kuandika ahadi ya mtu yeyote. Mambo ya kibali, jenereta na vipaza sauti nayaruka, maana yananichosha hata kuyakumbuka. Ukumbi ulijaa, na gitaa la kwanza lilipolia nilijiona mwenye mji, wala sioni haya kulisema.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Pangani, acha kulalamika, alika. Kusanya fedha, usikusanye ahadi. Iulize bendi inarudi lini, si inakwenda lini. Narudia: fedha, si ahadi, kwa sababu sisi watu wa pwani ni wepisi wa kusifia muziki na wazito wa kuulipia, na anayeletewa starehe mlangoni kila siku hawezi kujua gharama ya mafuta ya gari lililoibeba. Vijana wa leo hudhani msanii huja kwa kutajwa sana kwenye simu. Haji.

Usiku ule, saa nne na nusu, watatu kati ya wale walioniahidi walifika mlangoni wakiniita kaka na kuomba niwapunguzie kiingilio. Niliwatoza kamili, nikawahesabia chenji yao taratibu, shilingi kwa shilingi, huku wimbo wanaoupenda ukiishia ndani.