Uso wa nyanya unaingia giza pichani: usinunue lenzi kwanza

Ndugu yangu, umeuliza ununue lenzi gani, maana kila ukimpiga nyanya yako picha uso unaingia giza, macho hayaonekani, na kinachotoka vizuri ni bahari iliyo nyuma yake. Mimi napiga picha za watu hapa Mombasa mwaka wa 14 sasa, nyingi za harusi na za familia, na nakusihi uziweke hizo pesa. Hiyo lenzi ya milimita 50 uliyo nayo yatosha kabisa. Shida iko mahali unapomweka na saa unayompiga.

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Machi na Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Mwanga ukishuka wima hivyo, paji la uso linameta na macho yanabaki mashimo mawili. Mtu aliyejitanda mtandio ndiyo zaidi. Nawe umemsimamisha kule Lighthouse, ukingoni mwa bahari, saa saba mchana, maji nyuma yanametameta, kamera ikapima mwanga wa maji ikamwacha yeye.

Mrudishe Mji wa Kale. Vile vichochoro vina mwanga ambao studio nyingi zinautafuta kwa pesa: ukuta mmoja uko kivulini, wa pili umepakwa chokaa na unapigwa na jua, basi unaurudisha mwanga ukiwa umeshalainika. Mkalishe barazani upande wa kivuli, autazame ule ukuta mweupe. Kisha chungulia mboni zake. Ukiona doa dogo jeupe limetua ndani ya kila jicho, hapo hapo, usimsogeze tena. Jihadhari na rangi za kuta tu. Niliwahi kumpiga bwana harusi karibu na ukuta wa kijani, kanzu ikatoka kijani na shavu moja likawa kama la mgonjwa, na hakuna programu iliyoniokoa. Kama nyanya hawezi kutembea, mlango wa mbele ulio wazi wafanya kazi ileile: aketi hatua mbili ndani, atazame nje, wewe simama kando usimzibe, na taa ya dari uizime.

Jioni ni nzuri, ila huku jua halingoji mtu. Latua kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, kutegemea mwezi, na likishatua giza laingia upesi. Saa kumi na moja uwe umeshamkalisha.

Sasa jambo lililonisumbua miaka miwili mizima. Kamera haijui buibui wala kanzu. Hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Buibui likijaa kwenye picha, huona giza, huongeza mwanga, na uso unaungua, yaani unapauka kupita kiasi. Kanzu ikijaa, hupunguza, na uso wa mzee unazama. Basi tumia kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: penye buibui punguza, penye kanzu ongeza. Au pima mwanga shavuni peke yake, na kama ngozi ni nyeusi, punguza kidogo baada ya kupima, maana kamera itataka kuipausha. Iache iwe nyeusi. Ule mng'ao mdogo juu ya shavu ndio unaoupa uso umbo. Jasho lifute kwa kitambaa, poda usitie.

Simama mita mbili hivi kutoka kwake. Ukimkaribia sana pua inakua, hata lenzi iwe ya bei gani.

Lakini kuna kitu kingine katika swali lako. Umesema nyanya "hukakamaa". Babu yangu, aliyefanya kazi bandarini Kilindini, alikuwa hivyo hivyo. Nikawa namvizia akinywa kahawa ili nipate uso wa kawaida. Siku moja akaniambia, "Wanipiga kama mwizi." Iliniuma, na alikuwa na haki. Kizazi chao walikwenda studio. Tazama picha za N. V. Parekh, aliyekuwa na studio hapa mjini: watu wamevaa, wamegeuzwa bega, mwanga umepangwa, kila mkono una mahali pake. Kwao kupigwa picha ni kujiandaa ili watoke na heshima zao. Kule kukakamaa ni adabu.

Basi nikamwomba radhi, nikamwambia avae apendavyo. Akatoa koti, kofia ya kushonwa kwa mkono na bakora. Akasimama kando ya kimeza, mkono juu yake, kama kwenye picha yake ya ujanani iliyoko sebuleni. Nikampiga hivyo hivyo bila kumwambia atabasamu. Alipotosheka akaketi, akaanza kuniuliza habari za watoto, na hapo uso ukaja wenyewe. Kamera ilikuwa bado mkononi, na safari hii hakukasirika.

Kwa hiyo muulize nyanya anataka picha ya namna gani, na muulize pia nani ataiona. Wazee wetu wengi watakubali picha ya ukutani wasikubali ya kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na jibu lake uliheshimu hata kama picha imekutoka vizuri kupita zote.

Babu nilimchapia zote mbili, ya kusimama na ya kuketi. Mimi niliipenda ya kuketi. Yeye akaichagua ya kusimama, akaagiza nakala saba, moja kwa kila mtoto wake.