Kabla hujaja Marekani kusomea akupancha

Mdogo wangu, nani amekuambia kwamba huku mtu anasomea akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano, miezi sita, anachoma watu sindano, na dola zinaingia zenyewe? Miezi sita haitoshi hata kuzijua pointi za mwili zinazochomwa sindano. Zile kuu tu ni 361, na nyingine ziko kifuani, ambako sindano ikizama kupita kiasi inatoboa pafu.

Hapa California mtaala ni saa 3,000 kwenda juu: 2,050 za darasani, 950 za kliniki. Hiyo ni miaka kama minne, halafu mtihani wa bodi ya jimbo. Ukihamia jimbo jingine, unaomba leseni upya kwa masharti yao.

Hayo yote yanavumilika. Kinachonikosesha usingizi ni makaratasi. Mwenye viza ya mwanafunzi akihitimu anaweza kuomba kibali cha kazi cha miezi 12. Waliosoma sayansi na teknolojia huongezewa 24. Fani yetu haimo. Na hiyo miezi haingoji ufanye mtihani wala upate leseni, ilhali bila leseni ni kosa la jinai kumchoma mgonjwa sindano. Baada ya hapo, viza ya kazi ya H-1B inataka mwajiri akuombee. Mwajiri gani? Wengi wetu tunapanga chumba na kujitafutia wagonjwa wenyewe. Wenzangu wenye uraia walifungua kliniki zao huku mimi nahesabu wiki za kibali, na mama anauliza kwa upole kama mwezi huu nitatuma chochote. Swali lile linauma kuliko baridi.

Kwa hiyo usije.

Lakini nakujua, mikono yako ni ya tabibu, na siwezi kukuzuia. Ukija, anza kutafuta zahanati ya madaktari tangu mwaka wa pili. Tangu 2020 Medicare, bima ya wazee, inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno, ila mtu wa akupancha hawezi kudai malipo mwenyewe. Anafanya kazi chini ya daktari. Huko ndiko unakoweza kupata mwajiri.

Kwanza kiulize chuo wahitimu wangapi wa kigeni wamebaki kazini. Wakizungukazunguka, usilipe ada. Barua yao nitumie niisome kabla hujasaini, na mama asiuze kitu chochote.