Kurudi Lamu baada ya Shimo la Tewa

Mdogo wangu, umeeleza kwamba umerudi Lamu baada ya miaka 2 katika taasisi ya Borstal ya Shimo la Tewa, kule Mombasa, wanakorekebishwa vijana waliovunja sheria, ulikojifunza useremala, na kwamba hakuna anayekupa kazi. Uchungu huo naujua, kwani nimewapokea vijana wawili wa hali yako karakanani mwangu.

Usianze na barua za maombi. Anza na mtu. Nenda Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, kwa mafundi wa majahazi, uombe kushika tezo, chombo cha kuchongea mbao, na kujifunza kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, chini ya mzee mmoja kwa muda mtakaokubaliana, nawe umweleze ukweli wako siku ya kwanza, kabla hajausikia barazani. Wale wawili walikubalika kwa sababu niliwadhamini kwa kauli yangu mbele ya wazee wa mtaa, wala si kwa sababu watu walisahau.

Jihadhari na fundi atakayekutumikisha miezi mingi bila posho, na zaidi na marafiki wa zamani wenye unga, yaani dawa za kulevya. Ukikosa usingizi au ukirudiwa na tamaa ya dawa, mwone mapema afisa wa probesheni au mshauri nasaha wa hospitali.