Mwalimu Anajibu: Nichague Mashine Ipi Inifunze Lugha?

Barua nyingi mwezi huu zimekuja na jambo moja, akili mnemba na lugha za kigeni. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu vijana wanaoniuliza hilo hilo katika darasa langu la jioni hapa Malindi hawaishi. Wengine mtaniwia radhi.

*Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Shella, Malindi, nafanya kazi kwenye boti za kioo zinazopeleka wageni marine paki. Kiitaliano changu ni kile cha ufuoni: ciao, come stai, andiamo, na hesabu za bei. Nahodha anatafuta mtu wa kuwaeleza wageni safari mwanzo hadi mwisho, na malipo yake si haba. Sasa ni masika, boti ziko juu, nina muda. Binamu yangu ananiambia nilipie ChatGPT. Mwenzangu kazini asema Duolingo yatosha. Mwengine ananicheka, ati ya nini kujifunza na Google Translate iko mfukoni? Simu yangu ni Android ya kawaida na bando ni la kubahatisha. Nichague ipi? — Msaidizi wa nahodha*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza usilipie chochote. Zijaribu, kama unavyoijaribu injini ufuoni kabla ya kupakia watu.

Hizo tatu ulizotaja, kila moja ina kazi yake. Google Translate ni mkalimani. Kiswahili kimo humo tangu 2009, na Kiitaliano unaweza kukipakua kikakaa ndani ya simu, ukakitumia huko kwenye matumbawe ambako mtandao unakuja na kupotea. Kipakue, hakina ubaya. Lakini mkalimani hamfundishi mtu. Mgeni akuulize mbona maji leo yamechafuka, wewe unahangaika kutoa simu kwenye mfuko wa plastiki na mikono imerowa, mwenzio ameshageuka kumuuliza mtu mwengine. Na bakshishi inamfuata aliyejibu.

Duolingo ni mazoezi yaliyopangwa. Humo hutapata Kiitaliano kwa msemaji wa Kiswahili. Itabidi uingilie mlango wa Kiingereza, na utakuta mara nyingine umekosa jibu kwa sababu ya Kiingereza, wala si Kiitaliano. Lile daraja lake la kulipia liitwalo Max, lenye mazungumzo ya akili mnemba, lilitangazwa Machi 2023 na lilianza na Kihispania na Kifaransa peke yake. Kwa hiyo atakayekushawishi ulilipie, mwambie akuonyeshe kwanza kama Kiitaliano kimo, tena kwenye simu ya aina yako. Mimi wanafunzi wangu wa mwanzo nawaachia Duolingo ya bure wakusanye maneno. Zaidi ya hapo sioni.

Zinazobaki ni zile za kuzungumza nazo: ChatGPT, Gemini, Claude na wenzao. Hizi ndizo zinazoweza kukaa mahali pa mgeni, ukauliza nawe ukaulizwa. Zote tatu zina sehemu ya bure. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 2,500, na kwa kiwango chako cha sasa hutaona pesa hizo zimekwenda wapi.

Sasa utachaguaje kati yao? Wengi huchagua ile inayowasifu. Unaandika upuuzi, inakujibu "Bravissimo!", na wewe roho kwatu. Mimi nataka ile inayokukatiza. Iandikie sentensi hii mbovu makusudi: *Ieri ho andato a Watamu con due turista.* Usiiambie kama ni mbovu. Iulize tu swali la safari hiyo, kisha uone. Mwalimu wa kweli atakusimamisha hapo hapo: ni *sono andato*, kwa sababu kitenzi cha kwenda hakichukui *ho*, na wageni wakiwa wawili ni *turisti*. Mashine ikiendelea kuzungumza Watamu ni pazuri kama kwamba hakuna kilichotokea, weka alama ya kuuliza.

Halafu ifanyie ubishi. Ikishakusahihisha, iambie: "La, mwalimu wangu amesema ni *ho andato*." Iliyo imara itashika msimamo wake na kukupa sababu. Iliyo dhaifu itakuomba radhi na kukubaliana nawe, na hiyo, mwanangu, iache kabisa, kwa maana siku utakayobisha kwa kutojua itakubali vile vile. Jaribio hili halimalizi hata dakika kumi, na kwangu lina thamani kuliko matangazo yote ya YouTube.

Jambo la tatu ni sauti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa Pwani tunapoteleza. Irabu za Kiitaliano hazitusumbui, na maneno yao mengi yanaishia na irabu kama yetu. Taabu ni konsonanti zilizorudufishwa. *Pena* ni huzuni, *penna* ni kalamu. *Casa* ni nyumba, *cassa* ni mahali pa kulipia. Ukimuuliza mama wa watu ana miaka mingapi, *quanti anni ha*, ukaitamka *anni* kwa n moja, umeuliza habari ya kiungo ambacho sitakitaja hapa, gazeti hili linasomwa na wazee wangu.

Sasa angalia ujanja wa mashine. Baadhi zikikusikiliza huigeuza sauti yako kuwa maandishi kwanza, na zinapofanya hivyo hukisia neno linaloelekea zaidi kwenye sentensi hiyo. Umesema *ani*, yenyewe inajua unazungumzia umri, inaandika *anni* na kukupongeza. Kosa lako limefutwa kabla hujaliona. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza na simu msimu mzima, simu inamwelewa vizuri, halafu Mtaliano wa kwanza anamkunjia uso. Kwa hiyo matamshi usiyapime kwa sentensi nzima. Sema neno moja peke yake, *pena*, kisha *penna*, *nono*, *nonno*, uone imeandika nini. Ikiandika kile kile kila mara, basi si ya kukupimia ulimi. Jirekodi kwenye simu, usikilize mwenyewe ukilinganisha na Mtaliano halisi.

Ukishapata uliyoridhika nayo, ipe kazi kwa maneno yaliyonyooka. Hata kwa Kiswahili inaelewa. Andika hivi: *Wewe ni mgeni kutoka Milano, umepanda boti yangu Malindi kwenda kuangalia samaki. Zungumza nami Kiitaliano chepesi cha kiwango cha A2, sentensi moja kwa zamu. Nikikosea nisimamishe, niandikie sentensi sahihi, nieleze kosa kwa Kiswahili kwa mstari mmoja, kisha niulize swali lile lile tena. Usinisifu.* Hiyo A2 ni ngazi ya pili katika zile sita za Baraza la Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, zilizochapishwa 2001. Mashine zote zinazijua, na usipozitaja itakumwagia Kiitaliano cha wakili.

Ilishe maneno ya kazi yako, usingoje ikuletee yake. Usipoiongoza itakupeleka mgahawani Roma kuagiza kahawa. Wewe unahitaji *maschera*, miwani ya kuzamia, *pinne*, viatu vya kuogelea, *giubbotto di salvataggio*, jaketi la kuokolea maisha, *bassa marea*, maji kupwa, na ile sentensi ambayo walinzi wa hifadhi watakushukuru ukiisema kwa nguvu: *non calpestate il corallo*, msikanyage matumbawe. Ukimaliza zungumzo, maneno mapya yatie kwenye Anki, programu ya kadi inayokuletea neno tena pale unapokaribia kulisahau. Kwenye Android ni ya bure, na haihitaji bando kila saa.

Na Kiswahili cha mashine kina mipaka. Maneno ya bahari hasa yanaipiga chenga. Iulize bamvua ni nini. Mimi nimeona ikijibu vizuri na nimeona ikitunga. Ikikueleza sarufi kwa Kiswahili ukaona maelezo hayaingii akilini, iombe mifano mitano badala ya maelezo mengine, na ukiwa na shaka iulize jambo hilo hilo upya katika zungumzo jipya. Majibu yakigongana, uliza mtu.

Na watu unao. Waitaliano wa huku walianza kuzoea pwani hii tangu enzi za kituo cha roketi cha Ngomeni. San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lile la baharini Aprili 1967, na wengine hawakurudi tena kwao. Mzee wa Kiitaliano anayekaa na gazeti lake hana haraka. Msalimie kwa *Lei*, usimwambie *tu* kama unavyowaambia vijana wenzio. Mashine nayo hukupa *tu* usipoiambia unazungumza na mtu mzima, na utamkuta kijana anamwita bibi wa miaka sabini kama anayemwita mdogo wake. Bibi hatasema kitu. Lakini wewe ungependa mtoto akupite bila shikamoo?

*Mwalimu, mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nimepata kazi ya nyumbani Riyadh, nangoja tikiti. Kiarabu nimesoma chuoni tangu mdogo, nasoma vizuri lakini kuzungumza siwezi. Najifunza kwa ChatGPT. Rafiki yangu aliyeko huko ananicheka, asema nazungumza kama khutba. — Msafiri*

Mwanangu, rafiki yako hakukosea. Ukiiambia mashine ikufunze Kiarabu bila kusema zaidi, itakupa fus-ha, Kiarabu cha vitabu na habari. Ukitaka maji utasema *uridu maa*. Riyadh utasikia *abgha moya*. Ukiwa unatazama tamthilia za Misri ukamwambia mtu *ayza mayya*, atakuelewa, lakini atajua umefunzwa na televisheni. Kwa hiyo taja mji: sema unataka mazungumzo ya nyumbani ya Riyadh, na kila sentensi ikuandikie mara mbili, ya fus-ha na ya huko. Halafu mtumie huyo rafiki yako kwa WhatsApp akuhakikishie, kwa sababu mashine huchanganya lahaja katikati ya sentensi bila haya, na sauti zake nyingi zinasoma fus-ha hata maandishi yakiwa ya mtaani.

Chuo hakikupotezea muda. Ayn na ha zako ziko sawa tayari, wenzako wengi watahangaika nazo. Unachokosa ni kasi. Anza na maneno ya kukulinda kabla ya yale ya jikoni: *ana maridha*, mimi ni mgonjwa, *ratibi*, mshahara wangu, *jawazi*, pasipoti yangu. Jikoni utafunzwa na mwenye nyumba siku ya kwanza, hilo usitie shaka. Na nambari ya ubalozi wa Kenya Riyadh iandike kwenye karatasi pia, si kwenye simu peke yake.

*Mjukuu wangu ana moto wa Duolingo, ile hesabu ya siku za mazoezi mfululizo, hajaukosa hata siku moja, kila usiku lazima. Lakini jirani yetu Mtaliano akimsalimia anakimbilia ndani. Anajifunza au anacheza? — Babu, Barani, Malindi*

Shikamoo mzee wangu. Anafanya yote mawili, na kwa umri wake si vibaya. Ule moto unapima kwamba amefungua simu, haupimi kwamba amefungua mdomo. Usimnyang'anye. Mtume tu kwa jirani na sahani ya mahamri, na mpe sentensi moja ya kusema mlangoni, *buongiorno, la nonna Le manda questi*, yaani bibi amekuletea hizi. Isemeni pamoja nyumbani mpaka imkae. Jirani akimjibu, atarudi na neno jipya. Asipojibu, basi mahamri yataliwa hata hivyo.

*Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni Shela, Lamu. Wafaransa na Wajerumani wakituma ujumbe natia kwenye akili mnemba, inanitafsiria na kunijibia. Wageni wamefurahi. Sasa nimeanza kupiga picha pasipoti zao niitie humo inisomee majina na tarehe nijaze daftari. Kuna ubaya? — Msimamizi*

Ujumbe wa kuuliza kama kuna neti na saa ngapi boti inatoka Mokowe, tafsiri utakavyo, ila bei na tarehe zisome kwa macho yako kabla hujatuma, kwa sababu kwenye nambari ndiko kosa linakogharimu. Pasipoti, hapana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kuwa na hati ya mgeni hakukupi ruhusa ya kuipeleka kwenye kompyuta ya kampuni usiyoijua imekaa nchi gani. Majina yamechapishwa kwa herufi za Kilatini, tarehe ni tarakimu. Kalamu na daftari zinatosha. Zile picha ulizokwisha tia, zifute kwenye mazungumzo na kwenye simu leo, kisha ingia kwenye mipangilio uzime ile sehemu inayoruhusu mazungumzo yako kutumika kuifunza mashine.