Kebo yako haiungui, yanayoungua ni maungio

Swali: Ndugu Mhandisi, ninamiliki mashine ya kusaga nafaka Igoma, hapa Mwanza, yenye mota ya kilowati 22. Umeme unaingia kwa kebo ya alumini hadi kwenye swichi kuu, na kuanzia hapo nyaya zote ni za shaba. Mwaka huu ncha ya kebo hiyo imeungua mara tatu pale inapofungwa kwenye swichi, na plastiki yake huharibika kwa urefu wa shubiri moja. Fundi wa kwanza alikata ncha akakaza upya. Wa pili alizungushia karatasi ya alumini ya jikoni ili skrubu ibane vizuri, akafunga kwa tepu nyeusi, kisha akapiga tupa vidoti vya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, kwa kuwa vilikuwa vyeusi. Wa tatu anasema alumini ni metali dhaifu, ning'oe kebo yote niweke ya shaba, na kwa sasa niongeze ukubwa wa fyuzi. Nimesikia pia kwamba fedha hupitisha umeme kuliko shaba, na kwamba tangsteni hustahimili moto kuliko metali zote. Ninunue metali gani ambayo haitaungua?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue metali yoyote kwanza. Mafundi watatu wamelizunguka tatizo lenyewe bila kuligusa, ilhali wewe umelieleza vizuri kuliko wao. Kama alumini ndiyo ingekuwa dhaifu, kebo ingepata joto urefu wake wote, kutoka kwenye mita hadi kwenye swichi, na plastiki yake ingebadilika rangi kote. Yako imeharibika shubiri moja tu kutoka kwenye skrubu, na baada ya hapo ni nzima. Maana yake ni kwamba joto linazaliwa pale kebo inapokutana na swichi, kisha linarudi nyuma kupitia metali hadi linapopoa. Hali hii ninaikuta karibu kila wiki, kwenye mashine za unga za Buhongwa na Nyakato, kwenye mitambo ya barafu ya Kirumba na kwenye pampu za kuvuta maji ziwani, na mara nyingi namkuta mwenye mali ameshauziwa kebo mpya.

Tupige hesabu kwa mota yako. Kilowati 22 kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400 huvuta takribani ampea 40 mota ikibeba mzigo kamili. Maungio mazuri huwa na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa sehemu moja ya elfu kumi ya omu, au pungufu ya hapo, na joto lake halifiki hata wati moja. Sasa chukua maungio yaliyochakaa yenye ukinzani wa omu 0.02. Volti zinazopotea hapo ni 0.8 tu, kiasi ambacho mota haiwezi kukihisi, kwa hiyo kinu kitasaga kama kawaida na wewe hutashuku lolote. Lakini ampea 40 ukizizidisha kwa 40, kisha kwa 0.02, unapata wati 32, ambayo ni nguvu ya kile kichomeo ambacho fundi redio hukitumia kuyeyushia risasi. Kichomeo hicho umekaa nacho ndani ya swichi, kikiwa kimewashwa tangu unapoanza kusaga asubuhi hadi unapofunga jioni. Na ikiwa mota yako huwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kupunguza mkondo wa kuanzia, basi kila inapoanza huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida, na kwa sekunde hizo chache joto linalozaliwa kwenye maungio huongezeka mara ishirini na tano au zaidi.

Juu ya meza yangu nimeweka ncha moja niliyoitoa kwenye mtambo wa barafu kando ya ziwa, na kila mteja anayekuja kuniuliza bei ya kebo namwonyesha kwanza. Skrubu yake imegeuka buluu, rangi ambayo chuma hupata kinapofika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Nyuzi za alumini chini ya skrubu zimebanwa zikawa bapa, na katikati yake kuna unga mweupe unaopukutika ukiguswa. Plastiki imekauka na kupasuka. Upande wa shaba umeota ukijani, kwa sababu plastiki ya PVC ikiungua hutoa hewa ya asidi ambayo ikikutana na unyevu huila metali iliyo jirani. Shaba hiyo ilikuwa mpya na ya bei, na haikuokoa chochote.

Unga ule mweupe ni oksidi ya alumini. Alumini iliyokwanguliwa ikameta hujifunika utando wa oksidi mara tu inapoguswa na hewa, na utando huo haupitishi umeme. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini oksidi yake huvumilia zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo hakuna joto la maungio litakalouondoa. Isitoshe, alumini ikibanwa na skrubu huendelea kusogea taratibu mno, kama nta, hata kama skrubu haijalegea hata robo mzunguko. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba, kwa kiasi cha 23 kwa 17, hivyo kila siku unapowasha na kuzima mashine metali hizo mbili zinasukumana na kuachiana. Hewa ya ziwa haina chumvi kama ya Tanga, lakini unyevu wake ukichanganyika na vumbi la unga unatosha kabisa kuifanya alumini iliwe pale inapogusana na shaba. Sasa fikiria fundi wako wa pili, ambaye aliongeza karatasi ya jikoni katikati ya hayo yote. Kila mkunjo wa karatasi ile umeleta tando mbili mpya za oksidi, na tepu juu yake imezuia joto lisitoke. Kitendo hicho kinanikera kuliko vyote, kwa sababu kinaonekana kama kazi iliyofanywa kwa uangalifu.

Ama kuhusu metali bora, umesikia kweli, lakini ukweli huo hausaidii swichi yako. Fedha huipita shaba kwa takribani asilimia sita tu katika kupitisha umeme. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, ndiyo, lakini hupitisha umeme kwa karibu theluthi moja tu ya shaba, na ikipata joto kali penye hewa huharibika haraka. Ndiyo maana ndani ya balbu za zamani hewa ilitolewa kwanza au ikawekwa gesi isiyounguza. Waya wa jiko la umeme ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Albert Marsh aliupatia hataza Marekani mwaka 1906, na ukinzani wake ni zaidi ya mara 60 ya ule wa shaba. Umetengenezwa makusudi upate moto, na ngozi ya oksidi ya kromiamu ndiyo inayoulinda usiliwe. Watu huchanganya sifa mbili, kupitisha umeme na kustahimili joto, wakidhani metali moja itawapa zote. Kwenye kebo hata hiyo sifa ya pili haina kazi, kwa sababu metali haifikii kuyeyuka kabla plastiki haijafa. Shaba inangoja nyuzi 1,085, lakini PVC ya kawaida imeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70 tu. Plastiki ya XLPE imeruhusiwa hadi 90. Nyaya zinazopita karibu na tanuri huvikwa mpira wa silikoni, ambao huvumilia hadi nyuzi 180, na ndani ya pasi na hita kinachotenganisha umeme na chuma ni maika au unga wa oksidi ya magnesiamu.

Na alumini si metali ya wanyonge. Nyaya kubwa za nguzo ndefu zinazosafirisha umeme wa msongo mkubwa duniani kote ni za alumini, mara nyingi zikiwa na moyo wa chuma, na kebo inayotoka nguzoni kuja kwenye nyumba nyingi za Mwanza ni alumini pia. Inahitaji unene wa takribani mara 1.6 wa shaba ili ifanye kazi ileile, yaani milimita 16 za mraba mahali pa 10, na hata hivyo huwa na uzito wa karibu nusu. Kama kebo yako ina unene huo au zaidi, na plastiki yake ni nzima baada ya ile shubiri, ibakishe.

Kinachotakiwa ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje atengeneze maungio upya. Umeme ukatwe kabla ya swichi, kwa sababu kuzima swichi kuu hakuondoi umeme kwenye ncha inayoingia, na hapo ndipo mafundi wengine hupoteza maisha. Upande wa mita wenye lakiri msiuguse, toeni taarifa kwa shirika la umeme. Kebo ikatwe hadi inapofika metali inayong'aa na plastiki laini. Nyuzi zisuguliwe kwa brashi ya chuma, zipakwe grisi maalumu ya kuzuia oksidi palepale, kisha ziingizwe kwenye lagi, kile kichwa cha metali kinachovikwa ncha ya kebo, iwe ya metali mbili, yaani ile ambayo kikombe chake ni cha alumini na bapa lake ni la shaba, na ibanwe kwa mashine ya kubania yenye kipimo sahihi. Bapa la shaba ndilo lifungwe kwenye swichi, kwa mkazo ulioandikwa na mtengenezaji. Swichi ambayo shavu lake, yaani sehemu inayobana ncha ya kebo, limegeuka buluu ibadilishwe, kwani chemchemi na plastiki zake zimeshapikwa. Mashine ikiwa inasaga, fundi apime volti zinazopotea kati ya lagi na shavu la swichi kwa kila fezi. Mita ya kawaida yenye kipimo cha milivolti inatosha, na fezi moja ikionyesha namba kubwa kuliko wenzake, maungio yake yarudiwe siku hiyohiyo.

Kontakta nayo imeshaumizwa. Vidoti vile ni vya mchanganyiko wa fedha, na weusi wa fedha hauzuii umeme kwa kiasi cha kukutia wasiwasi, kwa hiyo havipigwi tupa. Tupa ikimaliza fedha inafikia shaba iliyo chini, na shaba hiyo ikipigwa na cheche hushika oksidi, hupata joto, na mwishowe vidoti hugandana. Siku vitakapogandana utabonyeza kitufe cha kuzimia na mota itaendelea kuzunguka, pengine mkono wa kijana wako ukiwa ndani ya kinu. Badilisha seti yote ya vidoti, au kontakta nzima.

Ukilazimika kununua shaba siku moja, kwangua waya kwa kisu kabla hujalipa. Zipo nyaya za alumini zilizovikwa ngozi nyembamba ya shaba, nazo huuzwa kwa wasiojua kama shaba tupu. Ndani ni nyeupe, na roli lake ni jepesi mkononi kuliko inavyopaswa.

Kuhusu ushauri wa kuongeza fyuzi, natamani kila mwenye mashine kuanzia Magu hadi Sengerema anisikie. Maungio mabovu hayaongezi mkondo. Ampea zinabaki zilezile 40, na fyuzi huangalia ampea tu, kwa hiyo hakuna fyuzi, kubwa wala ndogo, itakayoona kichomeo kile ndani ya swichi yako. Ukiiongeza ukubwa hujatibu chochote, umeondoa tu kinga ya kebo na ya mota kwa siku ambayo fezi mbili zitagusana. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakatoa fyuzi na kuweka nyuzi za waya wa shaba zilizosokotwa, kisha wakajisifu kwamba mashine haikatiki tena. Nyuzi hizo zitangoja nyuzi 1,085 za joto ndipo zikate, wakati plastiki iliyo ndani ya ukuta ilikwishamalizika kwenye mia moja na kitu, na kwenye chumba cha kinu chenye vumbi la unga hewani, vumbi ambalo lenyewe linaweza kulipuka. Fungua kisanduku chako cha fyuzi leo, umeme ukiwa umekatwa. Ukikuta waya mahali pa fyuzi, usisage hata debe moja mpaka fyuzi halisi ya mota, ya ukubwa ulioandikwa, iwe imerudishwa mahali pake.