Maswali ya Wasomaji: Kati ya Mwanaharakati na Mtaalamu, Tuanze na Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kando ya zahanati ya kaunti tunayoitegemea hapa mtaani kwetu pana uwanja ambao tangu utotoni tumeujua kuwa wa umma. Mwaka huu umezungushiwa mabati usiku, na sasa malori yanamwaga udongo na taka mpaka kwenye kijito kinachoingia Mto Nairobi. Baadhi ya wazee wanataka tuwaite wanaharakati tuandamane, wengine wanasema maandamano ni kelele tu na kwamba tutafute wataalamu. Tuanze na nani? – Msomaji, Eastlands

JIBU: Ndugu yangu, wazee wenu wanavutana juu ya jambo ambalo halikupaswa kuwagawanya. Profesa Wangari Maathai, ambaye Nairobi nzima inamkumbuka kama mwanaharakati, alikuwa mtaalamu kwanza: alihitimu shahada ya uzamifu mwaka wa 1971 na kufundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla ya kuanzisha vuguvugu la kupanda miti, Green Belt Movement, mwaka wa 1977. Mwaka wa 1989, ilipopangwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine akiuliza mradi ni wa nani na umeidhinishwa na nani, akamwandikia hata Balozi wa Uingereza. Bungeni alitukanwa, na alipokwenda Mahakama Kuu kesi yake ikatupwa kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki. Hata hivyo, barua zile zilikuwa zimekwisha kuamsha maswali hapa nchini na ng'ambo, wafadhili wakajiondoa, na bustani ikabaki ya wananchi.

Nimeitaja kesi ile iliyotupwa kwa sababu hapo ndipo hali yenu ilipo bora kuliko yake. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa hiyo hamhitaji kungoja mtoto augue kwa maji ya kijito hicho ndipo msikizwe.

Anzeni na karatasi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi la habari liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na mwananchi hadaiwi sababu ya kuuliza. Andikeni kwa afisi ya ardhi mkiulizia umiliki wa uwanja huo na matumizi yaliyotengewa, kwa kaunti mkitaka nakala ya kibali cha ujenzi, na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, mkitaka ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na leseni, kama zipo. Kila barua ipelekeni kwa nakala mbili, moja ibaki afisini, nyingine irudi nanyi ikiwa imepigwa muhuri wenye tarehe, kwa kuwa siku 21 za kujibiwa zinahesabiwa tangu ombi lilipopokewa. Wakinyamaza au wakikataa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mkigundua kwamba leseni ilitolewa na hamkubaliani nayo, msichelewe: rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina muda wa siku 60, na nimeona vikundi vyenye hoja nzito vikipoteza haki kwa kuhesabu vibaya siku hizo.

Mtaalamu anaingia wapi? Tazameni yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kikitoa sumu ya madini ya risasi (lead) katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na sumu hiyo mwilini, aliwaongoza majirani kuandika, kuandamana na hatimaye kushtaki. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini iliyosimama mbele ya jaji ni vipimo vya damu na vya udongo, vikisomwa na watu wenye ujuzi wa kuvisoma. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mnamo Desemba 2024. Vipimo hivyo bila wakazi waliokataa kuchoka vingelala kabatini, na wakazi bila vipimo wangeambiwa wanabahatisha. Waiteni wote wawili, na waketi kwenye kikao kimoja tangu siku ya kwanza.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya mazingira. Kikundi cha mtaani kimeniomba nipime maji ya mto, lakini naogopa kwamba nikifanya hivyo nitahesabiwa mwanaharakati na nisiaminike kama mwanasayansi. – Mwanafunzi, Kahawa

JIBU: Mwanangu, usipoaminika itakuwa ni kwa sababu ya sampuli mbaya, wala si kwa sababu ya waliokuomba. Ukitafuta vijidudu vya kinyesi, tumia chupa iliyotakaswa na maabara, usiisuuze kwa maji ya mto, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, uielekeze kinyume na mkondo, na uiache nafasi kidogo ya hewa. Iweke kwenye sanduku lenye barafu na uifikishe maabara siku iyo hiyo. Chukua sampuli mahali pawili, juu ya eneo linalolalamikiwa na chini yake, kwani bila ile ya juu hakuna atakayejua uchafu uliingilia wapi. Andika saa, mahali, hali ya hewa na jina la kila aliyeishika chupa tangu mtoni mpaka kwenye meza ya mpimaji, kisha mwombe mhadhiri wako aisome ripoti kabla haijatoka. Majibu yakionyesha maji ni salama, waambie wakazi vivyo hivyo, hata kama wamekasirika. Kikundi kinachotaka umwambie tu kile kinachompendeza kiongozi wake si kikundi cha kukupa jina, kiache.

SWALI: Kijana wangu amejiunga na kikundi kinachotetea msitu na maji. Naona fahari, lakini usiku silali. – Mama, Kangemi

JIBU: Mama, sitakuambia kwamba hofu yako haina msingi. Mwezi wa Januari 1999 Profesa Maathai alipasuliwa kichwa na walinzi alipokwenda kupanda mti katika Msitu wa Karura, na mwaka wa 2021 Joannah Stutchbury, aliyekuwa akitetea Msitu wa Kiambu, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake. Nchi ina deni kwa watu hawa, na inasikitisha kwamba mpaka leo mzazi anaandika barua kama yako.

Mwulize kijana wako mambo machache. Je, barua za kikundi zinatiwa saini na watu wengi, au ni jina lake peke yake linalosomeka kila mahali? Vitisho vinaandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi na nambari yake kuhifadhiwa? Wanalijua National Coalition of Human Rights Defenders, shirika linalowasaidia watetezi wanaotishwa? Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha, na sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe notisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Nakala ya notisi iliyopigwa muhuri ibaki kwa mtu asiyekwenda kwenye maandamano, pamoja na simu ya wakili na orodha ya majina ya waliotoka siku hiyo. Waombe kazi hiyo wakupe wewe.