Jibu: Kwa nini tunakosa alama ilhali sheria tunaijua?

Ndugu, umeuliza kwa nini timu yenu inakosa alama mkijiandaa na shindano la Brown-Mosten, la kimataifa la wanafunzi wa sheria, ambamo timu humhoji na kumshauri mteja mbele ya majaji. Mara nyingi kosa hutokea mwanzoni kabisa. Mmesoma yale maelezo mafupi mnayopewa kabla ya kukutana na mteja, mnadhani tatizo mmelijua, mnaanza kushauri. Maelezo hayo ni kama ujumbe wa karani: "anataka kuzungumzia nyumba." Huenda nyumba ni kisingizio tu, na kinachomuumiza ni ndoa inayovunjika.

Msalimuni mteja, elezeni usiri na mipaka yake, gusieni ada, kisha mwacheni asimulie bila kumkatiza. Maswali ya ndiyo au hapana yaje baadaye, kuziba mapengo ya tarehe, hati na mashahidi. Muulizeni anataka nini hasa. Kwenda mahakamani huenda si haja yake. Mpeni njia zaidi ya moja, na gharama za kila moja, achague mwenyewe.

Mmoja akiuliza, mwenzake aandike na kunasa kilichorukwa. Tena, dakika 45 mnazopewa zinajumuisha kujitathmini mbele ya majaji mteja akishatoka, kwa hiyo msizimalize zote kwenye mahojiano. Hapo tajeni wazi mlichokosea na mtakavyokirekebisha.